Karatasi ya Rangi Mbichi

Mpendwa Dada Mumbua,

Nakuomba haya yote uyaweke moyoni mwako tu. Usimsomee mtu yeyote huko ugenini, hata yule Mkenya mwenzako unayeishi naye. Maneno husafiri, na mimi bado naihitaji kazi hii.

Unakikumbuka kinu cha mama cha kusaga mahindi, alasiri ile ulipofunga sanduku la pili la stima kando ya lile la kwanza? Unga ulielea kwenye mwanga wa dirisha, polepole, kana kwamba haujui pa kutua. Mimi nilikaa juu ya gunia, nikingoja matokeo ya shule. Sanduku lilikuwa jipya, linang'aa, na wewe ukaanza kulikwangua rangi kuzunguka matundu ya bolti.

"Wewe Mumbua, mbona unaharibu kitu kipya?"

"Mama, stima haipiti kwenye rangi. Masanduku haya lazima yagusane chuma kwa chuma."

Kisha ukayaunganisha kwa waya mfupi wa kijani na njano, ili stima ikipotea ndani ya moja ipate njia ya kwenda ardhini. Ukaniita, "Kuja ushike, profesa. Haiumi." Nikaweka kiganja. Chuma kilikuwa baridi na kimya. Ukimya ule sijausahau.

Hapa kiwandani Athi River, ndugu ya meneja amefunga sanduku jipya kando ya la zamani. Bolti zimekazwa juu ya rangi, na waya ule mfupi haupo. Mwende, anayepiga deki, aliligusa kwa mkono uliolowa, akaruka.

"Woi! Hii boksi inanitekenya!"

"Imekupenda, Mwende! Itishe mahari!"

Wasichana wa cherehani walicheka, naye akacheka. Mimi nilirudi mezani kwangu ofisini.

Sikuthubutu kusema. Nilichapa karatasi, RANGI MBICHI, USIGUSE, nikaibandika pale. Hakuna aliyegusa tena, mpaka Ijumaa meneja aliposimama mbele yake. "Nani amepaka rangi hapa?" Akaichana karatasi. Kesho Mwende atapiga deki.

Leo baada ya kanisa nilisinzia kwenye kochi la mama, nikakuona ukikwangua, vumbi la fedha likianguka juu ya viatu vyako, bila sauti. Hukugeuka. Ulisema tu, "Kuja ushike."

Nimeamua kufika kabla Mwende hajajaza ndoo. Nitamwomba meneja azime stima kwanza, halafu nimweleze kuhusu rangi na waya. Najua atauliza karatasi ile iliandikwa na nani. Nitamjibu.

Usipige simu ya kiwanda. Piga ya mama, kesho saa saba mchana, saa za huku. Akishika yeye, muulize habari za mahindi, usiseme zaidi. Nikishika mimi, niko nyumbani siku ya kazi, mchana, usinihurumie. Utajua nilisema.

Mdogo wako, aliyeshika chuma kwa sababu ulimwambia hakiumi