Mnasikiliza Nini Huko Nyumbani?

Jumapili, 4 Agosti 1996

Mazoezi tena, na tena yameniudhi. Ubeti wa kwanza ulikwenda vizuri. Kwenye kiitikio Okinyi, besi wetu, akaanza kudundadunda sauti kama gita la baa. Hakuandikiwa hivyo. Noti niliziandika mimi. Kufikia ubeti wa tatu akina mama wa alto nao wanatikisa mabega. Nikagonga meza kwa rula. Wakanyamaza, kisha mmoja akacheka.

Makambi ya kanisa huko Homa Bay yako karibu. Kwaya yetu ya Sindo haijawahi kupewa nafasi ya kuimba Sabato ile kubwa. Mwaka huu tumepewa. Tuende kucheza rumba mbele ya kanisa zima? Hapana.

Jumatatu, 5 Agosti

Nimetafakari. Mtu huimba kile anachokisikiliza. Okinyi hupeleka omena, dagaa wa ziwani, kuuza Migori na hurudi na kanda zilizorekodiwa madukani huko. Soko zima linajua. Nitamwuliza kila mwanakwaya, mbele ya wenzake, anasikiliza nini siku hizi. Atakayetaja muziki wa kidunia atakaa kando hadi makambi yapite. Sheria ni moja kwa wote. Ni jambo jepesi.

Jumatano, 7 Agosti

Halikuwa jepesi.

Niliieleza sheria kwanza, ndipo nikauliza. Alianza Zablon, fundi baiskeli: "Nyimbo za injili tu, Mwalimu." Aliyefuata akasema vivyo hivyo. Na wa tatu. Safu nzima, kama darasa linalokariri. Nilifurahi.

Ikafika zamu ya Peres, fundi cherehani, anayeongoza soprano. Akasema yeye hushona akisikiliza benga, kwa sababu inakwenda sawa na mguu wake kwenye cherehani. Akipumzika huweka nyimbo za Wamarekani wa mashambani, wale wa gita na kofia pana. "Zile za kulia mpenzi ameenda. Ni tamu, Mwalimu. Hata wewe ungelia."

Okinyi akasimama kabla sijamwita. "Japuonj, mimi asubuhi Lingala, mchana rege, jioni ohangla ya nyumbani. Injili nakuja kuimba hapa." Wakaangua kicheko. Aniite mwalimu kwa Kiluo au kwa Kiswahili, dharau ni ile ile. Nikawaambia wote wawili wakae kando.

Wa mwisho alikuwa Dorka, mke wangu. Alto wote hushika sauti kwake. Nilimwuliza kwa kufuata utaratibu tu. Akasimama, akakunja leso yake mara mbili. "Taarabu," akasema. "Na dansi za zamani. Redio ya Tanzania, saa kumi, ukienda shambani."

Sheria ni moja kwa wote. Nikamwambia naye akae kando.

Alhamisi, 8 Agosti

Chakula kimeletwa. Ugali, samaki, mboga. Dorka huimba akiosha vyombo tangu tulipooana. Leo vimeoshwa kimya.

Nimekasirika. Aliyeaibishwa ni mimi. Mimi hufungua redio kwa taarifa ya habari na matangazo ya vifo, kisha naizima ili betri zidumu. Nimekuwa nikimlaumu mwenye duka kwamba ananiuzia betri mbovu. Nilimwambia hivyo mbele ya watu. Sasa najua zinakokwenda.

Jumapili, 11 Agosti

Mazoezi bila besi, bila kiongozi wa soprano, bila Dorka. Zablon amejifanya kiongozi. Anaimba kwa nguvu na kwa makosa. Hakuna aliyetikisa bega. Hakuna aliyefanya lolote. Ilikuwa kama mazishi ya mtu ambaye hakuna aliyemfahamu.

"Sasa kwaya ni safi, Mwalimu," Zablon akaniambia mlangoni.

Safi!

Jumanne, 13 Agosti

Nilikwenda sokoni kununua sabuni. Kwa mara ya kwanza nilitembea nikisikiliza. Kwa kinyozi, rumba. Hotelini, benga. Kwa Zablon, raga, spika juu ya sanduku, sauti mpaka spoku za baiskeli zinatetemeka. Yeye mwenyewe alikuwa akipiga mdundo kwa spana. Kando yake mmoja wa akina mama wetu wa alto, anayeuza nyanya, alikuwa akicheza akiwa ameketi.

Zablon aliponiona akazima. "Ni ya wateja hii, Mwalimu. Mimi hata siisikii."

Hapakuwa na mteja.

Nimerudi bila sabuni. Waliosema kweli nimewatoa. Waliodanganya nawapeleka Homa Bay wakamwimbie Mungu. Na sheria nimeitunga mimi, kwa akili zangu timamu. Nimeudhika nao wote. Nimeudhika na mimi zaidi.

Jumatano, 14 Agosti

Nimeifuta sheria. Niliwaambia nikiwa nimesimama, kwa sentensi moja, kisha nikaendelea na mazoezi. Zablon alitazama viatu vyake.

Peres alikuja mara tu alipoitwa, sindano bado imechomekwa kwenye kola. "Ungepita kwangu nikiwa nashona, Mwalimu. Ungesikia mwenyewe, hungehitaji kuuliza." Okinyi yuko Migori na omena zake. Atarudi mwisho wa wiki.

Nyumbani nilimwambia Dorka kwamba amerudishwa kwenye kwaya. Akaendelea kupepeta mtama. Nikarudia, nikidhani hakusikia. Alisikia.

"Baba Akinyi," akasema, akiniita kwa jina la binti yetu, "miaka yote hii hujawahi kuniuliza nasikiliza nini. Siku uliyouliza, uliniuliza mbele ya watu, na rula mkononi."

Akachukua ungo wake, akatoka nje.

 

Jumapili, 18 Agosti

Okinyi amerudi. Besi imesimama. Bado anadundadunda. Nimemwachia mahali pamoja, katika kiitikio cha mwisho, pasipo na madhara. Alifurahi kupita kiasi.

Alto wanaelea. Mahali pa Dorka wamepaacha wazi, na kila wakipotea wanapatazama. Kisha wananitazama mimi, kana kwamba nimemficha. "Mama yuko wapi?" mmoja akauliza. Yuko nyumbani. Hata akija hapa kwa amri yangu, nikamwekea kiti, hatakuwa amekuja. Nimeamrisha madarasa maisha yangu yote. Hili haliamrishwi.

Tunaondoka Alhamisi.

Jumatano, 21 Agosti

Saa kumi sikwenda shambani. Nilichukua kiti changu sebuleni, nikakipeleka jikoni. Hakijawahi kuingia humo, wala mimi sijawahi kuketi humo. Dorka alikuwa akichambua mboga. Redio ilikuwa juu ya debe la unga, sauti chini kabisa.

Nikamwuliza anasikiliza nini.

Alinitazama kwanza, kuona kama nina jambo jingine. Kisha akanieleza. Baba yake alikuwa seremala Musoma, hilo nilijua. Jirani yao alikuwa na redio kubwa, na kila alasiri alifungua dirisha ili mtaa usikie. Mama yake alimsuka nywele mlangoni, nyimbo hizi zikipigwa. Hilo sikulijua.

Wimbo ulikuwa mrefu mno. Maneno yanarudiwa kupita haja. Fidla zinalia hata pale ambapo mwimbaji hana huzuni. Sikuupenda, na nilimwambia hivyo. Akacheka. Akaongeza sauti.

Mwimbaji alipofika kwenye kiitikio, Dorka akaingia chini yake na alto, bila kuinua macho kutoka kwenye mboga. Hakukosea hata mara moja.

Wimbo ulipoisha akauliza kesho gari la Homa Bay litaondoka saa ngapi.

Saa mbili asubuhi, nikasema.

Ukaanza mwingine. Nikabaki nimeketi.