Usiku Bethwel Alipokuita Marehemu

S.L.P. 114,
Litein.
Jumanne, 20 Agosti 2024.

Mpendwa ndugu yangu Kipkurui,

Chamgei! Natumaini u mzima. Kwa kawaida mtu huandika hivyo bila kufikiri, lakini leo nimekaa na kalamu muda mrefu kabla ya kuliandika neno hilo. Sisi huku tunapumua. Mama anasumbuliwa na goti kwa hii baridi, ila bado anachuna majani chai mwenyewe na kuyafikisha senta ya kuuzia kabla lori halijaja. Ng'ombe wetu mweusi amezaa ndama jike.

Namba yako haipatikani tangu Desemba 2021. Anwani hii ya Doha nimeitoa kwenye karatasi ya ule mzigo wa mablanketi uliomtumia Mama kabla Mzee hajafariki. Ryan, mdogo wake rafiki yangu Wanjuhi, anarudi kazini huko Alhamisi. Ameahidi kuifikisha barua kwa mkono mpaka kwenye kambi yenu ya wafanyakazi.

Sasa nikueleze ya Jumamosi. Bethwel wa Siongiroi alikuja kuimba hapa Litein, kwenye uwanja ulio nyuma ya soko. Unajua vile ninampenda huyo mwanamuziki, hata kabla wewe hujaanza kumpigia gitaa. Nilienda na Wanjuhi, yule wa duka la vitambaa, na Janefer jirani yetu. Mvua ilikuwa imenyesha tangu saa tisa, kwa hivyo tulivaa gambuti. Janefer alicheza nazo mpaka moja ikabaki kwenye matope, naye akaendelea kucheza na soksi. Tulicheka hadi machozi. Tangu tumzike Mzee sikuwa nimecheka namna hiyo.

Kama saa nne usiku hivi, Bethwel akasimamisha muziki. Akasema wimbo unaofuata ulipigwa mara ya kwanza na kijana wa hapa hapa, Kipkurui, aliyeenda Uarabuni. "Tulipata habari kwamba alituacha," akasema. "Washeni simu zenu, tumkumbuke marehemu ndugu yetu."

Uwanja mzima ukawa mweupe kwa taa.

Wanjuhi akanigeukia. "Chepchirchir, ni Kipkurui wenu? Mbona hukutuambia?"

Nilitaka kupiga kelele kwamba ni uongo. Lakini sikuwa na cha kuwaonyesha. Sina hata ujumbe mmoja wako wa mwaka huu, wala wa mwaka jana. Nilisimama pale na simu yangu mfukoni mpaka wimbo ukaisha. Huyo mpiga gitaa mpya anajua kazi, lakini pale katikati, wewe ulipokuwa ukishuka polepole, yeye anapita mbio.

Janefer ndiye alinishika mkono tukaenda nyuma ya jukwaa. Bethwel alituambia kwamba alisikia kwa mtu wa Ndanai aliyetoka huko Doha. Nikamuuliza kama huyo mtu aliuona mwili.

"Hapana, dada," akasema, na hakuweza kunitazama. "Alisikia tu kuna Mkipsigis alianguka kwenye jengo. Sisi tukadhani ni yeye, maana hakuna aliyekuwa akimpata. Nisamehe."

Habari ni hiyo tu, wala hakuna zaidi.

Nilichelewa kumwambia Mama. Jumapili, kabla sijafika kanisani, wanawake walikuwa wameshamzunguka wakimpa pole. Janefer anasema Mama aliwatazama mmoja mmoja, akawauliza, "Pole ya nini?" Tulipofika nyumbani aliniuliza swali moja: "Siku ya mwisho ulipoongea na Kipkurui, mlisemezana nini?"

Nikamwambia ukweli niliomficha muda huu wote. Kwamba ulinipigia wiki ile ya mazishi ya Mzee ukilia, ukasema kazini wamekunyima ruhusa ya kusafiri. Na kwamba mimi nilikujibu kuwa mtoto asiyemzika baba yake si wa kwetu, usipige tena simu kwa boma hili. Nilikuwa na uchungu, na kwa kuwa mimi ndimi mkubwa, nilidhani nina haki. Wewe ukasema, "Sawa, dada." Mama miaka hii yote alifikiri ni wewe uliyetusahau.

Tangu hapo hajaniongelesha. Asubuhi anachukua kikapu chake na kwenda shambani peke yake, na nikimfuata anahamia upande wa chini. Jana mchungaji alikuja kuuliza kama tuandae ibada ya kumbukumbu. Mama alimwekea chai, akamwambia hana mtoto aliyekufa.

Sitakuomba msamaha kwa karatasi. Naomba umpigie Mama tu, namba yake ni ile ile. Kama huna kazi, au huna vibali, au umefungwa, sema. Hakuna atakayekucheka hapa.

Fancy, kitinda mimba wetu, sasa yuko kidato cha tatu na anakusalimu sana. Janefer na Wanjuhi pia wanakusalimu. Mungu akufunike popote utakapolala leo.

Ni mimi dada yako, niliyekupenda hata siku ile,

Chepchirchir

Kwako wewe uliyefungua barua hii, kama si Kipkurui: tafadhali usiitupe. Mwambie Ryan unachokijua, hata kama ni kibaya. Mama yake anangoja.