Kiboko na Geji ya Oili

Mbinya weee! Nimetoka Ziwa Jipe saa hii, nacheka peke yangu kama mwendawazimu!

Ile boti ya Fanuel ya kutembeza wageni, ile giaboksi yake inapoteza presha ya oili? Nilibadilisha oili na filta, pampu nikaisafisha yote. Leo tumeijaribu. Katikati ya ziwa geji ikaanguka mpaka sifuri, boti ikakwama. Fanuel akaniambia, "Kosa ni langu, kuita fundi wa malori kutoka Voi. Kesho inaenda Mombasa kwa mafundi wa boti."

Kabla sijamjibu, kiboko huyu hapa mbele yetu! KIBOKO, Mbinya! Nikavuta rivasi kwa woga tu.

Geji ikapanda! IKAPANDA! Boti ikarudi nyuma mbio! Kumbe pampu ni nzima, ni sili ya klachi ya kwenda mbele, ile raba ya kuzuia oili isivuje, ndiyo imekufa.

Mimi napiga kelele, "Ni sili! Ni sili!"

Fanuel naye, "Ni kiboko, Lois! Ni kiboko!"

Tumerudi kinyumenyume mpaka nchi kavu, watu wakatupigia makofi.

Mombasa haiendi tena, kazi ni yangu. Ila Fanuel amesema jaribio lingine niende na kiboko wangu, yeye atasubiri kwa gari.