Mawe ya Babu Swalehe

Lihangwe, Ziwa Nyasa
Jumatano

Mpenzi Mama Majidi,

Salaam aleikum, mtani wangu. Pokea salamu nyingi kutoka huku chini ziwani. Natumaini wewe, Baba Majidi na watoto hamjambo, na kwamba baridi ya Mbinga haijaumaliza mgongo wako. Huku kwetu wote ni wazima isipokuwa mimi, na ugonjwa wangu si wa hospitali. Nilitaka kukupigia simu, lakini nakujua Rukia: ungeanza utani wako, nami ningecheka, na neno lenyewe lingerudi tumboni. Ndiyo maana nimempa Meshack, yule anayepandisha usipa, dagaa wetu wa ziwani, kwa lori, akufikishie barua hii mkononi.

Ziwa limepanda tena. Ule mchanga tulipokuwa tukiacha kandambili tukienda kuoga uko chini ya maji, na yale mawe makubwa ya samaki wa rangi rangi yanaonyesha vichwa tu. Nyumba za mstari wa mbele zimekwenda. Kanisa limepona, kwa kuwa walioliweka kilimani walikuwa waoga wa maji, Mungu awabariki kwa woga wao. Juzi wadudu wa ziwani waliinuka kama moshi, wakaziba upande wote wa Malawi, kisha upepo ukatuletea hadi ndani ya sufuria. Usipa lakini upo! Giza la mwezi huu mitumbwi imerudi imejaa, na wachuuzi wa Songea wanatufuata wenyewe, ingawa hawaachi kulalamika kwamba usipa wetu una mchanga.

Basi sikia habari njema, au iliyokuwa njema. Tumeahidiwa soko la samaki, hapa hapa ufukweni, lenye paa na vichanja vya kuanikia vya kudumu. Mtendaji wa kijiji akaitisha mkutano, akasema wanaojenga wanataka kujua historia ya mahali na nini kimelala pale. Mimi ndiye mwenyekiti wa akina mama waanikaji, na mdomo wangu unaujua. Nilisimama kabla sijaitwa.

Nikawaeleza jinsi babu yangu Raimundi alivyokuwa na mtumbwi mzuri na nyavu mbovu za magome ya miti, na jinsi babu yako Swalehe alivyofika kwa miguu kutoka pande za Kilwa na mzigo wa nyuzi za pamba, akamfundisha kusuka wavu. Mwenye mtumbwi na mwenye wavu wakashindwa kuachana. Watu wa milimani wakaanza kuteremka na mahindi kubadilishana na samaki, wengine hawakupanda tena, na hicho ndicho kijiji chetu. Nikasema Babu Swalehe aliomba azikwe ufukweni, na tangu hapo kila giza la mwezi kapu la kwanza hupikwa na kugawiwa watoto kaburini kwake, usipa wa Babu. Wazee walifuta machozi. Nilijiona msomi, shoga yangu.

Ndipo mtendaji akauliza kaburi hilo liko wapi hasa, maana palipo na kaburi hawatajenga, na soko litahamia kijiji cha jirani. Nilichojibu nitakuandikia, usinikimbize.

Unayakumbuka yale mawe ya kaburi, aliyokuwa akiyapaka chokaa marehemu baba yako kila Idi. Mwaka jana maji yalimega ukingo, mawe yakaporomoka. Kaburi lenyewe halikuguswa, Babu yuko pale pale alipolazwa. Mimi nikayaokota mawe nikisema nayahifadhi mpaka uje. Nikayahifadhi chini ya kichanja changu, Rukia, ili kiinuke na usipa wangu usishike mchanga. Nikayazoea. Nikawa nayakalia nikichambua samaki.

Wiki iliyopita, baada ya mkutano ule, kapu la kwanza lilipofika tulipika kama desturi. Watoto wakaja na sahani zao. Safari hii hawakwenda kaburini. Walikuja moja kwa moja kwenye kichanja changu, wakapanga mstari mbele ya yale mawe meupe, maana wao wanachokijua ni mawe. Wakasubiri kwa adabu. Gertruda, ninayeanika naye, akaanza kugawa. Mimi nilikimbilia jikoni nikalia kama mjinga.

Sasa kaa chini usome. Kule mkutanoni nilijibu kwamba kaburi halipo. Nilisema maji yalipopanda, ninyi wenyewe mlikuja mkamhamisha Babu, mkamzika upya Mbinga, na kwamba wewe ndiye uliyeniambia tufanye tupendavyo na mahali pale. Nilikutaja jina. Mawe hayakuwepo tena pale, watu wakaniamini wakapiga makofi, na uongo haukunikwama kooni hata kidogo. Nilikuwa naona paa la soko, na usipa wangu umeanikwa juu, mkavu, hauna mchanga. Nilijiambia kwamba wewe hujashuka huku siku nyingi. Ole wangu!

Jumatatu wanaanza kuchimba msingi, na watachimba juu yake. Jana nilikwenda kwa mtendaji nikamwambia nilidanganya. Alinisikiliza, akasema maneno niliyoyasema mbele ya kijiji kizima siwezi kuyafuta peke yangu ofisini, wala hajui aamini lipi kati ya mawili. Anamtaka mwenye kaburi, yaani wewe mjukuu wake, aje mwenyewe. Akina mama wamesikia, na baadhi hawaniitikii salamu. Wana haki. Ulimi uliponza kichwa, na kichwa chenyewe ni changu.

Leo asubuhi mimi na Gertruda tumeyabeba mawe yote kuyarudisha. Kichanja changu kimelala chini mchangani. Tukayapanga vizuri, moja baada ya jingine, tukasogea nyuma kutazama, na Gertruda akasema tumempanga Babu kama Mkatoliki, si kwa kibla. Ni kweli. Nimempanga kama nilivyompanga mama yangu. Miaka yote nimekula usipa wake, na sijui kichwa chake kiko upande gani.

Njoo kabla ya Jumatatu. Ukitaka kunitukana, nitukane palepale mbele ya watu, nitasimama. Ila kwanza nioneshe kichwa kiko wapi, niyapange mawe upya kwa mkono wangu.

Nisalimie Baba Majidi kwa heshima, na mjukuu wako Mosi mdogo mwambie bibi yake wa ziwani amemkumbuka. Edina wangu anakuamkia shikamoo. Chumba kimefagiliwa na kitanda kimetandikwa, uje au usije.

Ni mimi, ambaye sijui kama bado ni mtani wako,

Restituta, Mama Edina