Sentimita Ishirini na Nane Zangu

Mshauri mpendwa, tarehe tisa mwezi uliopita, kati ya saa nane na saa tisa mchana, maji ya mvua yaliniharibia seti nne za sofa, marobota sita ya sponji na cherehani niliyoanza nayo kazi, na nakuomba unishike mkono kabla sijafanya jambo la kujutia, ama kwa kusema ama kwa kunyamaza.

Mimi ni fundi sofa, mwanamke, nilianza kwa kushona mito ya viti kibarazani kwa sindano ya mkono na leo nina mafundi watatu, kwa hiyo kulialia sikujui, najua kupima. Mwaka huu mtaa wetu umefurika mara tano, na mara zote tano tumekwenda ofisi ya manispaa, na mara zote karani ametuambia, "Andikeni barua, mama zangu," nami nimeziandika zote tano kwa mkono wangu, ya mwisho ina saini sitini na nne, ya kwanza kabisa ikiwa ya jirani yangu wa upande wa juu, Mama Pacha, ambaye chumba chake kilijaa maji wanawe wamepangwa juu ya meza kama mizigo, na bado huyo huyo ndiye anayeniita jenerali, akiniona tu anapiga saluti na mwiko mkononi, "Jenerali, tuongoze!"

Sasa sikia balaa. Maji yalipopungua nilichukua tepu nikapima alama za tope ukutani, ili mhandisi wa manispaa akija asitubabaishe. Upande wa chini wa karakana yangu tope lilipita ukingo wa mfereji kwa sentimita ishirini. Upande wa juu, kwa Mama Pacha, arobaini na nane. Nikapima tena, nikadhani tepu imelegea, nikapima mara ya tatu, halafu nikainama kutazama chini ya daraja langu, yaani ile zege niliyomwaga juu ya mfereji miaka miwili iliyopita ili magari ya kubeba sofa yaingie, na mshauri wangu, mfereji una upana wa sentimita sitini, na bomba nililolilaza chini ya zege lina kumi na tano, nililichagua mwenyewe kwa sababu ndilo lililokuwepo dukani siku hiyo nami nilikuwa na haraka. Sentimita ishirini ni za serikali, maana kalavati la barabara kuu, kule chini maji yanakotokea, limejaa mchanga na halijazibuliwa mwaka wa tatu huu. Ishirini na nane ni zangu.

Sijamwambia mtu ila baba watoto, naye alicheka mpaka akakaa chini. "Nyamaza, mama. Yule mhandisi hata viatu hataki vichafuke, atainama saa ngapi?" Lakini Mama Pacha ameinua kitanda chake kwa matofali, manne kila mguu, na kila nikipita mlangoni kwake nayahesabu. Nikisema, manispaa watapata pa kushika, watasema kumbe mafuriko mnayatengeneza wenyewe, na saini zote zile zitaishia kwenye pipa. Mhandisi anakuja Alhamisi saa nne asubuhi na msemaji ni mimi. Usinizungushe. Niseme au ninyamaze? Nijibu gazeti la Jumanne.

Fundi Sofa

*

Fundi Sofa, pole kwa sofa, na pole zaidi kwa cherehani hiyo. Pole zimeishia hapo.

Sema. Ila usianze na mhandisi. Leo hii, ukimaliza kusoma, nenda kwa Mama Pacha, peke yako, na tepu uiache karakana, maana nakuona utataka kumpa hesabu kabla ya kumwomba radhi. Mwambie: bomba langu ndilo lililokujazia chumba. Akikutukana, tukanwa. Akilia, kaa. Habari za serikali usizitaje kabisa mbele yake leo.

Baba watoto msalimie. Ushauri wake unamfaa mtu asiye na jirani.

Kesho Jumatano bomoa daraja. Mafundi unao, nyundo unazo. Sofa zitabebwa mabegani mpaka barabarani kwa wiki kadhaa, na zibebwe. Mwenzako analala juu ya matofali. Ukijenga tena, acha upana wote wa mfereji.

Unaogopa watapata pa kushika. Mwanangu, watakishika ulichokificha. Ulichokivunja mchana kweupe watakishikaje? Kosa lako jingine hata hujaliona: wewe unayepima kila kitu umeandika barua tano, na sioni mahali ulipodai tarehe. Uliomba msaada mara tano, siku ya kujibiwa hukuitaja hata mara moja. Ndiyo maana karani anakuita mama na kukurudisha nyumbani.

Alhamisi saa nne simama palipokuwa na zege yako, wenzako wote nyuma yako, useme hivi, neno kwa neno:

"Mhandisi, maji yalipanda sentimita arobaini na nane. Ishirini na nane zilikuwa zangu, nimezivunja jana, kifusi hiki hapa. Ishirini ni zenu, ziko chini ya barabara kuu. Kalavati mnalizibua siku gani? Tunataka tarehe, kwa maandishi na muhuri, kabla ya saa tisa alasiri kesho Ijumaa. Msitutumie mtu. Tutaifuata wenyewe, wote."