Kokulinda Kanishikisha Kamba

Chenge, soma hii yote ndipo ucheke.

Nimetoka shambani kwa Kokulinda sasa hivi. Nimemwambia wazi kwamba nimechoka kuzurura, nataka tuzeeke wote.

Unajua kajibu nini? "Luhende, bado nayakumbuka yale mahindi yako na Chenge."

Mahindi ya miaka ya tisini, Chenge! Mwaka ule mbolea ilipoachiwa wafanyabiashara ikawa ghali, ukasema tubananishe mistari ili urea isipotee bure. Wewe ndiye uliyesema! Yakatoka membamba, ya njano, magunzi kama kidole gumba, yakaishia kwa ng'ombe wa jirani.

Basi kanipa kamba na jembe. "Panda mistari mitatu nione kama umekua."

Nimepanda. Kaja, kaweka mguu kati ya mistari, hata kandambili haikuenea. Kacheka mpaka kakaa chini. "Mzee mzima, bado unabananisha! Nitapita wapi nikija kupalilia? Na hiyo mbolea itagombaniwa na mimea mingapi?"

Nikauliza, "Kwa hiyo umenikataa?"

"Fukua huo mstari wa katikati. Mahindi yakifika magotini ndipo naweka urea. Nikikukuta bado upo, tutaongea."

Mpaka magotini, Chenge! Tangu mwaka ule sijakaa mahali mpaka mahindi yakafika hata kwenye kifundo cha mguu.

Nimeshafukua. Nimeomba chumba kwa jirani yake. Nguo zangu zilizo kwako Mkuyuni nitumie zote.

Ila wewe usije huku kunishauri.