Kitufe cha Nne

Jumatatu, 12 Aprili 1999
Waya za kamera mbili zimeenea sebule nzima. Mwanangu Timo amekula akizivuka. Barasa amerudi na diski ya efekti mpya, za kuongeza kwenye ile programu ya kuchanganyia picha. Mioyo. Maua yanayoanguka. Picha inageuzwa kama chapati. Mume mzima anacheka kama mtoto wa nasari! Nami nimecheka. Naipenda kazi hii ya video za harusi. Yeye anashika kamera, mimi nabonyeza kwenye kompyuta, na wageni wanaona papo hapo kwenye televisheni ya ukumbini.

Jumanne, 13 Aprili
Mzee Mutua, jirani yetu hapa mtaa wa Tena, amekuja na fimbo yake. Ni mchongaji, lakini siku hizi anachonga kwa kupapasa. Mtoto wa jicho amemfunika macho yote mawili. Jumamosi anamwoza Mwende, kitindamimba wake. Anataka kitu kimoja tu: auone uso wake siku hiyo, hata kama ni kwenye televisheni. "Mama Timo, nisaidie hapo tu." Nimekubali kabla sijafikiri. Mdomo uliponza kichwa.

Alhamisi, 15 Aprili
Tumemfanyia Mzee jaribio. Mwende mbele ya kamera, baba yake mbele ya televisheni. Nimekuza picha. Nimeongeza mwanga. Mzee amesogea mpaka pua ikagusa kioo.
"Naona weupe tu. Ni kama kuangalia jua."
Kadiri ninavyoongeza mwanga, ndivyo anavyozidi kufumba macho. Mwende ametoka nje kulia. Nimejichukia.

Ijumaa, 16 Aprili
Mvua. Nimepanga vitufe vya efekti. Cha nne ni uso mkubwa, ukijaza kioo chote. Najua hautasaidia. Sina kingine.

Jumamosi, 17 Aprili
Ukumbi wa Jericho. Kuta nyeupe, gauni jeupe, mchana kweupe madirishani. Mzee tulimkalisha hatua moja kutoka kwenye televisheni. Mwende akaingia, shangazi zake wakipiga vigelegele. Nikabonyeza cha nne.

Kwenye televisheni gauni likawa jeusi. Kuta zikawa nyeusi. Nyuso za watu zikang'aa, kama negativu za picha za studio. Kumbe asubuhi Barasa alitia diski yake na kupanga vitufe upya, asiniambie. Nilitaka kumrushia kibodi.

Vigelegele vikakatika. Mama Mwende akasimama. "Wee Mama Timo! Unamvalisha mtoto wangu nguo za matanga?"

Nilikuwa natafuta kitufe cha kuiondoa efekti hiyo niliposikia fimbo ya Mzee ikigonga sakafu.

"Usitoe! Wacha hapo hapo! Ndiye huyo! Ndiye Mwende!"

Ule weupe wote uliokuwa ukimwumiza macho ulikuwa umegeuka giza, na katikati yake ukabaki uso wa mtoto wake. Nikauacha. Mama Mwende alinikata jicho, kisha akamtazama mumewe, akaketi taratibu. Nililia juu ya kibodi. Barasa alidhani ni aibu.

Jumapili, 18 Aprili
Mvua imekatika. Nimetoa kanda mbili. Moja safi, niliyonakili kutoka kanda ya kamera, ya Mama Mwende, yenye gauni jeupe mwanzo hadi mwisho. Nyingine, ile iliyorekodi efekti ya Jumamosi, sikuigusa. Barasa ameomba msamaha kwa kupika, akaunguza sukuma wiki. Tumeila hivyo hivyo.

Mzee amekuja baada ya kanisa. Nimemwekea kanda yake. Ameniomba niisimamishe pale Mwende anapogeuka. Ameangalia mpaka chai yake ikapoa.

"Mara ya mwisho kumwona vizuri alikuwa na yunifomu ya shule," amesema. "Kumbe amekuwa mtu mzima."

Mashine yetu ya kanda haikubali kusimamishwa muda mrefu, huendelea yenyewe baada ya dakika chache. Kila ilipoendelea, niliirudisha palepale.